Mguu wa kuku wa 850: kisa cha R8, na bastola ambayo dogo anataka tuiweke kwenye seva yetu

Wiki iliyopita dogo mmoja anayecheza hapa kwetu karibu kila siku akitoka shule alinisubiri mpaka watu wakapungua, akanipa karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, akaniambia kaka soma hii ukiwa umetulia, usinijibu saa hii. Nikaisoma usiku wakati nafunga. Amechora rivolva kwa penseli, vizuri kabisa, silinda yenye matundu sita, nyundo imevutwa nyuma, hata mikwaruzo ya kwenye kitako kaiweka. Pembeni kaandika maelezo: bei 700, risasi 6 ndani na 36 za akiba, inatumia risasi za .357 ambazo gemu tayari inazo, ikikupata kifuani umekufa hata kama una vesti, sauti nzito. Na chini kabisa kapigia mstari mara mbili: "Hakuna atakayeacha kuinunua."

Kwa wasiotujua, sisi tuna kompyuta kumi na moja kwenye chumba kimoja hapa Dar, mashine za zamani ambazo hazibebi gemu za sasa hivi, kwahiyo tunacheza Counter-Strike 1.6 ile ya mwaka 2003, gemu ya kupigana risasi kati ya timu ya magaidi na timu ya polisi, na bado chumba kinajaa. Seva ni yetu wenyewe na tumeiwekea AMX Mod X, ambayo inakuruhusu kuandika plugini zako, yaani ukitaka kubadilisha demeji ya bunduki, yaani risasi moja inakata uhai kiasi gani, au kuongeza kifaa kipya unaweza. Ndio maana pendekezo la dogo nimelichukulia siriasi, manake nikisema sawa basi Ijumaa ipo kwenye seva na watu wanauana nayo. Na kabla hatujaijaribu nimeona nikiandike hapa kisa cha R8 chote, kwa sababu alichopendekeza dogo kilishafanyika kweli, kilifanywa na Valve wenyewe, kampuni yenye gemu, kwenye Counter-Strike: Global Offensive, toleo lililokuja baada ya 1.6, na mimi nilikuwepo nacheza wiki ile.

Tarehe 8 Desemba 2015 Valve walitoa apdeti iliyoleta bastola mpya inaitwa R8 Revolver. Ilikuja pamoja na kesi yake, yaani boksi la rangi za bunduki linalofunguliwa kwa funguo ya kununua, Revolver Case, kwahiyo siku ileile unaikuta bunduki na rangi zake za kuuza. Umbo lake limetoka kwenye rivolva ya kweli ya Smith & Wesson, modeli 327 R8, ile ya silinda ya risasi nane za .357 Magnum. Kwenye gemu ikapewa risasi nane ndani na nane za akiba, basi. Ilikaa nafasi moja na Desert Eagle, maana yake ulikuwa unachagua moja kabla hujaingia mechi, hukuweza kuwa nazo zote kwenye menyu. Bei yake ilikuwa 850.

Hiyo bei usiipite haraka. Kwenye Counter-Strike kila mtu anaanza raundi ya kwanza na dola 800 za ndani ya gemu. Bastola ya 850 huwezi kuinunua raundi ya kwanza, hata ufanyeje, umepungukiwa hamsini. Sijui kama kuna mtu alishawahi kuiona hiyo hamsini na kuiheshimu inavyostahili, mi naiheshimu, manake aliyeiweka alikuwa anajua kwamba kifaa kile kikiingia raundi ya bastola, yaani ile ya kwanza, wakati hakuna mwenye helmeti, mechi imeharibika kabla haijaanza. Sasa rudi kwenye karatasi ya dogo: 700. Yaani kwake raundi ya kwanza kabisa watu wote kumi wanaweza kuwa nayo. Hapo tu.

Jinsi R8 inavyofanya kazi ni hivi. Ukibonyeza maus haipigi hapohapo kama bastola nyingine, unashikilia, unaiona nyundo inarudi nyuma taratibu na silinda inazunguka tundu moja, alafu ndio inaachia, ni kama sehemu ya tano ya sekunde hivi. Ukiachia kidole kabla nyundo haijafika haipigi. Ni mfano mzuri sana wa triga ya rivolva ya kweli, ile triga ndefu nzito ambayo kidole chako ndicho kinachovuta nyundo na kuzungusha silinda kwa mpigo mmoja. Ukibonyeza kitufe cha kulia inapiga papo hapo, mkono unachapa nyundo harakaharaka kama kwenye filamu za kauboi, lakini risasi zinaenda zinakotaka zenyewe. Kwahiyo wazo lilikuwa: polepole na hakika, au haraka na bahati nasibu. Kama wazo kwenye karatasi, lile wazo ni zuri kuliko mapendekezo karibu yote niliyowahi kusoma, na nasema hivyo nikimaanisha.

Tatizo lilikuwa kwenye namba. Siku ya kwanza R8 ilikuwa na demeji ya 115. AWP, ile sniper kubwa inayouzwa 4750, demeji yake ni hiyohiyo 115. Na uwezo wa R8 kupenya vesti ni karibu asilimia 93, kwahiyo piga hesabu, 115 mara 0.93 unapata kama 107, mtu ana uhai 100, risasi moja kifuani kwa mtu aliyevaa vesti kamili, chini. Kwa 850.

Nakumbuka raundi moja, ni ramani ya Dust2, mi nipo upande wa polisi nalinda B, moja ya sehemu mbili ambazo magaidi wanapanda bomu, nina M4, bunduki kubwa ya polisi, ya 3100 na vesti na helmeti ya 1000, jumla 4100 mwilini, nimekaa nyuma ya boksi nimelenga mlango wa handaki. Tulikuwa tunacheza kwenye seva za Dubai usiku huo kwa sababu Johannesburg ilikuwa na foleni. Wao wamepoteza raundi iliyopita kwahiyo najua hawana hela, nasubiri watu wenye bastola za bure, nimetulia kabisa. Akatokea mmoja kwenye kona ya handaki, akasimama, sikusikia hata risasi ya pili. Moja tu. Nikaangalia kilichoniua, kibastola. Mwenzangu aliyekuwa nyuma ya gari akageuka na yeye moja. Wakapanda bomu. Raundi mbili mbele sisi wote watano tulikuwa tumenunua R8, kwa sababu ungefanya nini.

Na hapo ndipo kisa chenyewe kilipo, kile ambacho dogo hajakiona kwenye mstari wake wa chini. Counter-Strike inaendeshwa na umaskini. Wakati ule ukipoteza raundi ya kwanza ulikuwa unapewa 1400, ukiendelea kupoteza inapanda, 1900, 2400, mpaka 3400, na kazi ya timu ni kuamua leo tunajinyima ili kesho tununue au leo tunajilipua. Ile raundi ya kujinyima ina maumivu yake na utamu wake, unaingia na vibastola unajua mnakufa, mkifanikiwa kuua wawili mmeshukuru Mungu. Sasa R8 ya 850 na vesti ya 650 ni 1500. Timu iliyopoteza na kujinyima raundi moja tu inayo hiyo hela na chenji inabaki. Kwahiyo raundi ya kujinyima ikafutika, masikini akawa na sniper. Na kuna kitu kingine watu hawakukitaja sana: ukiua mtu na AWP unalipwa 100 tu, makusudi, kwa sababu ni silaha kali mno, lakini ukiua na R8 unalipwa 300 kama bastola ya kawaida. Yaani ilikuwa na nguvu ya AWP, bei chini ya robo ya AWP, na mshahara mara tatu ya AWP.

Watu wengine walisema lakini mbona ilikuwa na ule ucheleweshaji wa triga, huo si ndio breki? Nimeufikiria sana huu ucheleweshaji. Ule muda unamuumiza nani? Unamuumiza aliyeshtukizwa, anayekimbia anakutana na mtu ghafla. Aliyejibanza kwenye kona amelenga mlango yeye haumuumizi hata kidogo, kwa sababu anaweza kuanza kuvuta nyundo akisikia miguu, ukitokeza tayari imefika. Kwahiyo breki ilimbana yule ambaye silaha haikuwa tatizo mikononi mwake, na ikamwachia yule ambaye ndiye tatizo. Na baada ya risasi ya kwanza unarudia baada ya kama nusu sekunde, wakati AWP inabidi usubiri karibu sekunde moja na nusu uvute boliti. Ukikosa na AWP umeuza roho. Ukikosa na R8 unazo saba.

Kwenye apdeti ileile waligusa pia AK, bunduki kubwa ya magaidi, na M4, wakaongeza muda wa bunduki kutulia baada ya kumwaga risasi, kwahiyo bunduki kubwa zikawa ngumu kudhibiti kuliko watu walivyozoea, wakati huohuo bastola inaua kwa moja. Hilo la AK na M4 baadaye walilirudisha lilivyokuwa. Nalitaja kwa sababu moja: ukibadilisha vitu viwili siku moja huwezi kujua kipi kimekuumiza, na watu waliokuwa wanalalamika wiki ile nusu walikuwa wanailaumu R8 kwa mambo ya M4.

Marekebisho ya R8 yalikuja haraka, siku mbili tu, tarehe 10. Demeji ikashushwa kutoka 115 mpaka 86. Piga tena hesabu ileile, 86 mara 0.93 ni kama 80 kifuani, mtu anabaki na ishirini. Tumboni kuna nyongeza ya robo, kwahiyo 80 na robo yake inafika 100, bado inaua tumboni kwa moja, lakini kifuani hapana. Kichwani inaua kama kawaida, lakini kichwani hata Desert Eagle inaua, na Desert Eagle haina ucheleweshaji na ina risasi saba ndani na thelathini na tano za akiba.

Umeona kilichotokea hapo? Kwa siku mbili hakukuwa na sababu ya kuiacha, baada ya siku mbili hakukuwa na sababu ya kuichukua. Ilikaa nafasi moja na Desert Eagle, na ukiondoa ile risasi moja ya kifuani, Desert Eagle inafanya kazi zake zote bila kusubiri nyundo. Leo R8 inauzwa 600, bei ya huruma, na bado ukiiona kwenye mechi ya watu wanaojua unashangaa. Counter-Strike 2 ilipotoka Septemba 2023 wakaleta utaratibu wa kuchagua bastola tano tu za kubeba kwenye menyu, na wengi R8 wameiacha nje. Bastola iliyotengenezwa kwa uangalifu vile, nyundo yake, silinda yake, ule mlio wake. Inaniuma kusema kweli, kwa sababu mi naamini ilikuwa na nafasi yake.

Nafasi ipi? Ili nijibu hilo lazima nirudi nyuma kwenye 1.6, gemu yetu. 1.6 ilipotoka 2003 ilileta vitu vitatu vipya: bunduki mbili, Galil na Famas, na ngao. Galil ikaitwa IDF Defender kwenye menyu, bei 2000, ya magaidi. Famas ikaitwa Clarion, 2250, ya polisi. Sasa kabla ya hapo gaidi mwenye 2300 alikuwa ananunua nini? AK ni 2500. Alikuwa na shimo, hela imezidi SMG, zile bunduki ndogo za kumwaga risasi, haijafika AK, na polisi ndio kabisa, M4 ni 3100, shimo refu zaidi. Galil na Famas zikaingia kwenye shimo hilo. Hazikuwa kali kuliko AK wala M4, na mtu mwenye hela kamili hakuwa na sababu ya kuzigusa, na ndio maana mpaka leo hapa kwetu zinanunuliwa kila mechi na hakuna anayelalamika. Ngao ya 2200 nayo iliingia siku moja na hizo, lakini yenyewe haikuziba shimo lolote, ilileta mtu anayetembea nyuma ya ukuta wa chuma, na mashindano mengi yaliikataza. Hapa kwetu tuliizima mwezi wa kwanza tu tulipofungua.

Na mfano mwingine, MP5, mojawapo ya hizo SMG. Ilikuwepo 1.6, Global Offensive ikaitoa, watu wakaiomba miaka na miaka. Agosti 2018 Valve wakairudisha kama MP5-SD, ile yenye kizuia sauti, bei 1500, na wakaiweka nafasi moja na SMG nyingine, MP7, ulikuwa unachagua moja. Ikaingia kimyakimya, aliyeipenda akaichukua, aliyependa MP7 akabaki nayo. Ndio bunduki mpya ya mwisho kuingia Counter-Strike mpaka naandika hivi. Miaka yote hiyo. Nadhani R8 iliwafundisha kuogopa, ingawa hayo ni mawazo yangu.

Sasa kwenye risasi. Hapa ndipo pendekezo la dogo lina kosa ambalo nimelipenda, kwa sababu ni kosa la mtu anayeangalia. Kaandika itatumia .357 ambayo gemu tayari inayo. Ni kweli 1.6 ina .357, ukinunua bastola ya P228 utaona. Lakini ile ni .357 SIG, risasi ya bastola ya magazini, ganda lake limebanwa shingoni kama chupa na halina ukingo wa nje. Rivolva inataka .357 Magnum, ganda refu lililonyooka, lenye ukingo mpana kitakoni, na ule ukingo ndio unaoshika kwenye silinda risasi isizame ndani na ndio unaosukumwa wakati wa kutoa maganda. Namba ni moja, vitu ni viwili. Nilimwonyesha picha zake pembeni kwa pembeni kwenye simu, akaziangalia muda mrefu, akasema kwahiyo moja ni chupa nyingine ni kopo. Ndio hivyo hasa.

Kwa ukweli wa silaha 1.6 yenyewe haina usafi wowote, AK yake inakula risasi za 7.62 NATO pamoja na Scout, ile sniper ndogo, wakati AK ya kweli inatumia 7.62 fupi ya Kirusi ambayo haiingii kabisa kwenye chemba moja na ile. Waliotengeneza waliunganisha ili kurahisisha, na hakuna mtu alikufa. Kwahiyo simbishii dogo kwa ajili ya usahihi. Nambishia kwa ajili ya hela, kwa sababu kwenye 1.6 risasi zinanunuliwa. Wale wa Global Offensive hawajui hili, kwao risasi zinajaa bure kila raundi, lakini sisi bado tunabonyeza koma kwa risasi za bunduki na nukta kwa risasi za bastola, na kila aina ina bei yake: 9mm thelathini kwa dola 20, 7.62 thelathini kwa 80, .50 ya Desert Eagle saba kwa 40, .357 SIG kumi na tatu kwa 50, na ile .338 Lapua ya AWP kumi kwa 125. Angalia hiyo ya AWP, kila risasi moja ni dola kumi na mbili na nusu. Kuna mtu alikaa akaweka breki kwenye risasi zenyewe, kila unapofyatua AWP unasikia hela inatoka, na ni breki ambayo R8 haikuwahi kuwa nayo kwa sababu gemu yake haiuzi risasi.

Breki pekee ya risasi kwa R8 ilikuwa ile idadi, nane na nane, kumi na sita kwa raundi nzima. Na hiyo walishaitumia kabla, bastola ya CZ75 ilipoingia Februari 2014 iliuzwa 300 na ilikuwa inamwaga risasi kama SMG, ikapewa kumi na mbili ndani na kumi na mbili za akiba, na bado ikasumbua mpaka ikapandishwa bei kufika 500. Kwahiyo tunajua risasi chache peke yake hazitoshi kama kila moja inaua. Risasi kumi na sita zinazoua kwa moja ni watu kumi na sita, na timu ina watu watano.

Kuna jambo la kiufundi pia ambalo nilimweleza dogo na likamshangaza. Kwenye 1.6 bunduki mpya kiukweli inapanda mgongoni kwa bunduki ya zamani. Plugini inachukua mfano Desert Eagle, inabadilisha muonekano, sauti, demeji, lakini ndani gemu bado inaamini ni Desert Eagle, na kama hujaigusa sehemu ya risasi itaendelea kula kwenye mfuko wa .50. Mtu akiangusha rivolva akaokota Desert Eagle ya adui risasi zinachanganyika. Kwahiyo aina mpya ya risasi ndio kazi kubwa kuliko bunduki yenyewe, bunduki unaweza kuipata usiku mmoja, risasi zake, bei yake, jinsi ya kuinunua na kinachotokea ukiidondosha, hiyo ni wiki. Nilikuwa nadhani atakata tamaa. Akaniuliza tunaanza lini.

Tukakaa Alhamisi iliyopita kabla chumba hakijajaa, yeye, mimi na jamaa mmoja anayecheza AWP vizuri kuliko wote hapa, tukaichukua karatasi mstari kwa mstari. Bei, kwanza. Dogo alitaka 700 kwa sababu Desert Eagle yetu ni 650 na alitaka ipishane nayo kidogo. Nikamwambia hebu fikiria raundi ya kwanza, una 800, wote kumi tuna rivolva. Akanyamaza, akafuta 700 akaandika 850, peke yake, na sikuwa nimemwambia ile ya R8 ilikuwa ngapi. Nilifurahi sana.

Demeji tulibishana. Yule jamaa wa AWP alitaka isiue kifuani kabisa, anasema kazi yake itakufa, na namuelewa. Dogo alitaka iue. Tukafika hapa: mwenye vesti akipigwa kifuani anabaki na uhai kidogo, asiye na vesti anakufa. Hiyo inaifanya vesti iwe na thamani tena na inaifanya rivolva iwe nzuri dhidi ya timu iliyojinyima mpaka vesti, na mbovu dhidi ya timu iliyonunua, yaani kinyume cha R8 ya Desemba ile. Hapo kuna hatari na nimewaambia, tunaweza kuwa tunampa tajiri silaha ya kumaliza masikini. Lakini tajiri tayari ana M4, hana haja ya bastola ya 850. Itabidi tuone.

Triga, nilipendekeza tubadilishe breki. Badala ya kuchelewesha risasi ya kwanza, inayomwachia aliyejibanza, tucheleweshe ya pili. Risasi ya kwanza itoke papo hapo, alafu sekunde nzima kabla ya inayofuata. Ukikosa umekosa. Na kujaza silinda iwe risasi moja moja kama ile shotigani ya M3 inavyojazwa, ukivamiwa katikati una ulizoingiza tu. Dogo aliipenda hiyo mpaka akasimama kuigiza, mkono wa kushoto umeshika silinda hewani, wa kulia unaingiza, moja, mbili, alafu anageuka kama kasikia mtu.

Risasi: sita ndani, sita za akiba, .357 Magnum kama aina mpya yenye mfuko wake, sita kwa dola 75. Nilikuwa nimesema 60, jamaa wa AWP akasema hapana, yeye risasi yake moja analipia kumi na mbili na nusu, kwanini bastola ilipie kumi. Ana haki. Kwahiyo bunduki 850 na akiba yake 75, na vesti 650, inakuwa 1575. Aliyepoteza raundi ya kwanza akabaki bila kitu na kupewa 1400 haifikii na vesti, lazima achague kimoja, rivolva au vesti. Aliyebakisha hela zake zote 800 ana 2200 na anaweza, lakini huyo kajinyima, anastahili.

Kesho Ijumaa saa kumi jioni tunaijaribu, watu kumi, Dust2 na Inferno, raundi 30 kila ramani, na AK na M4 na kila kitu kingine hatukigusi hata chembe. Jamaa mmoja atakaa pembeni na daftari anaandika kila raundi nani kainunua, alikuwa na hela ngapi, na aliyekuwa na hela akaacha kuinunua alinunua nini badala yake. Hiyo safu ya mwisho ndio ninayoisubiri zaidi.

Dogo ameandika karatasi upya, amechora tena, safari hii risasi moja ya Magnum ipo pembeni peke yake na ukingo wake kaukoleza kwa kalamu nyeusi. Ule mstari wa chini haupo. Mahali pake kaandika: "Ukiwa na 2000 usinunue hii, nunua Galil."